Idi imepita, mji unakula, na mimi Kwaresima imenishinda

fundi_friji · 4 Aprili 2025, saa 5 usiku

Wakuu habari za usiku, na wenzetu wa Idi sikukuu njema japo zimeshaisha siku zake nne. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite tu.

Mi Mkatoliki, kwetu Peramiho, Unguja nina mwaka wa tisa sasa, kazi yangu friji na viyoyozi, nimepanga chumba cha uani Fuoni kwa bi mkubwa mmoja mjane. Leo nimetoka kazini Shangani nikapita Forodhani, nikanunua mishkaki minne na chipsi, nikakaa pale ukutani nakula naangalia watoto wanavyoruka baharini, nipo kwenye mshikaki wa tatu ndo nakumbuka. Ijumaa. Ya Kwaresima. Na ule wa nne nikaumaliza kwa kuwa tayari ulikuwa mkononi, ndo mjue nimefikia wapi.

Sasa kinachoniuma si mshikaki. Mwaka huu Ramadhani ilitutangulia siku chache tu, Jumatano yetu ya Majivu, Kwaresima inapoanza, ilikuwa tarehe 5 Machi. Nikajiwekea yangu mwenyewe, sikuambiwa na padri: sili nyama mpaka Pasaka, sili kitu mpaka jua lizame kama wenzangu, na ile elfu tatu ya chakula cha mchana naitia kwenye kopo la maziwa ya unga nikaipeleke jumuiya. Jamani ilikuwa rahisi mpaka nikawa najishangaa. Migahawa imefungwa, kazini hakuna anayetafuna, hata harufu ya chapati mtaani haipo. Vijana ninaofanya nao kazi wote wamefunga, saa nane mchana juu ya paa la hoteli tunabeba kompresa hakuna anayeongea, nami kimya, koo limekauka, nasikia raha. Magharibi mjukuu wa bi mkubwa anakuja na sahani imefunikwa kawa, ndani muhogo wa nazi, tambi, kaimati mbili tatu, wakati mwingine uji wa pilipili manga kwenye bakuli. Kila siku. Nikawa najiona mtakatifu kabisa, nusu waniwekee sanamu.

Jumatatu Idi. Likaja pilau la nyama sahani nzima, na bi mkubwa kasimama mlangoni mwenyewe na kanga mpya. Nikala, si dhambi, haikuwa Ijumaa na mtu kaja na sikukuu yake, ile nadhiri ya nyama ilikuwa yangu mwenyewe. Jumanne likaja tena. Jumatano nikanywa chai saa nne asubuhi kwa sababu kila mtu anakunywa. Alhamisi nimekula mara tatu na kopo sijaligusa. Leo ndo hayo ya Forodhani.

Pasaka tarehe 20, yaani bado wiki mbili na ushei, nami nimeshazima kama jenereta iliyoishiwa dizeli.

Ndo nikaanza kukumbuka na kwetu. Peramiho Kwaresima inaingia mpaka kilabuni, wazee wanaacha komoni, mtu akifungulia muziki anaulizwa we huna dini? Nilikuwa nafunga vizuri sana kule. Nikafikiri ile ni imani yangu. Sasa najiuliza, kule nilifungishwa na Wakatoliki wengi, huku nimefungishwa na Waislamu wengi, mi mwenyewe nimewahi kufunga lini? Au mji ndo unafunga, mi nimedandia tu kwenye ngazi ya daladala?

Na jingine niliseme liishe. Hiyo Jumatano ya Majivu nilisali misa ya alfajiri kanisani Minara Miwili, nikapakwa majivu usoni, nikaenda moja kwa moja kwenye kazi, mgahawa mmoja karibu na Darajani. Kijana wa pale akaniangalia usoni, akasema fundi una masizi, akanipa tishu. Kwa wema kabisa. Nami nikaifuta. Sikusema kitu, nikasema asante.

—

jini_kisirani · 4 Aprili, saa 5:40 usiku

Hahaha kumbe na nyie mnafunga? Si mnaacha nyama siku moja halafu mnapiga changu wa kupaka na wali wa nazi. Hiyo ni funga au ni kubadilisha menyu 😂

—

katekista_mstaafu · 5 Aprili, saa 12:50 asubuhi

Nimeamka kwa sala za asubuhi nikakuta uzi huu. Mwanangu fundi pole, na wewe jini nakujibu kwanza maana umesema kweli bila kukusudia.

Sheria ya Kanisa iko hivi. Ijumaa zote hatuli nyama, isipokuwa ikiangukia sherehe kubwa, na Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tunaacha nyama na kufunga pia, maana yake mlo mmoja wa kushiba na viwili vidogo visivyofikia huo. Kuacha nyama kunamshika mtu akishatimiza miaka 14, kufunga ni kuanzia 18 mpaka anapoingia mwaka wake wa 60. Mimi nimeshatoka humo lakini sijaacha. Hicho ndicho kima cha chini, ndugu zangu, kile ambacho ukishuka chini yake ndipo uulizwe.

Sasa sheria ya nyama ilikomaa Ulaya ambako nyama ilikuwa chakula cha karamu na samaki aliyekaushwa kwa chumvi ni chakula cha mnyonge. Ukiileta Unguja ilivyo unapata kichekesho. Mimi nimefundisha mafundisho ya Komunyo ya kwanza miaka mingi, mtoto mmoja akaniuliza: mwalimu, sisi nyumbani nyama tunaiona Krismasi, sasa Ijumaa tunaacha nini? Nilikaa kimya darasani. Tangu siku ile Kwaresima mimi naacha pweza. Anayejua pweza wa nazi wa mke wangu anajua kwamba hiyo ni toba.

Kuhusu mishkaki: ili dhambi iwe ya mauti kunatakiwa mambo matatu, jambo lenyewe liwe zito, uwe unajua, na uwe umekubali kwa hiari. Mitatu ya kwanza ulisahau. Wa nne huo 😀 mwambie padri kwenye kitubio, uko karibu na Pasaka na kitubio unakihitaji hata bila mshikaki.

Kuhusu tishu sitasema kitu. Petro naye alimkana Bwana huku anaota moto.

—

mzee_wa_kanuni · 5 Aprili, saa 3 asubuhi

Mi nitakuwa mkali kidogo. Kosa la fundi lilianza mwanzo kabisa pale alipoamua kufunga mpaka magharibi. Huo ni mfungo wa dini nyingine. Sisi tuna utaratibu wetu umeandikwa, mlo mmoja na viwili vidogo, full stop. Ukianza kuchanganya mambo ndo matokeo yake Idi inaisha na wewe funga yako inaisha, kwa sababu ulikuwa unafunga Ramadhani siyo Kwaresima. Na Injili ya siku ile ile ya Majivu Bwana anasema ufungapo nawa uso wako, watu wasijue. Kwa hiyo hata hayo ya kufuta majivu mi sioni shida. Wakatoliki wa siku hizi tunataka kuonekana, mara kupiga selfi na majivu, mara kuposti Njia ya Msalaba.

—

katekista_mstaafu · 5 Aprili, saa 4:15 asubuhi

Kijana, kwamba hatufungi ili tuonekane, naam, hapo tuko pamoja. Lakini kwamba kula jioni ni "mfungo wa dini nyingine" hapana. Wakristo wa karne za mwanzo Kwaresima walikula mara moja tu kwa siku, jioni, baada ya masifu ya jioni. Ni baadaye mlo ule ukawa unasogezwa kidogo kidogo mpaka ukafika adhuhuri, halafu ikabidi kiongezwe kipande cha jioni kwa sababu mchana wamekula mapema mno. Utaratibu huu tulio nao tumeupata kwa Papa Paulo VI mwaka 1966, alipunguza masharti akatuachia wenyewe tuongeze kwa hiari, na wengi tulisikia lile la kupunguza tu. Waorthodoksi wa Ethiopia hadi leo wana siku 55 bila nyama, bila maziwa, bila yai. Kwa hiyo fundi hakuiga jirani. Jirani amemkumbusha kitu kilichokuwa kwenye kabati letu wenyewe.

—

dada_wa_paje · 5 Aprili, saa 7 mchana (niko breki)

Nacheka kwa uchungu. Njooni huku pwani muone Kwaresima. Mi nipo jikoni hotelini, bufee asubuhi ina bekoni, soseji, mayai ya aina nne, na lazima nionje kwa sababu ndo kazi yangu. Ijumaa naonja na kutema. Mpishi mwenzangu Muislamu Ramadhani yote kaonja na kutema na kusukutua, tukawa tunapokezana pale kwenye sinki kama watu wenye ujauzito.

Halafu kuna kundi lilikuja mwezi wa pili la mambo ya yoga, wanalipa dola kwa siku ili WASILE. Wanapewa maji ya limau na supu ya boga kijiko. Wanakaa kwenye mkeka wanaangalia bahari wanasema wanasafisha mwili. Nikamuuliza mmoja, dada unafunga kwa ajili ya nani? Akaniambia kwa ajili yangu mwenyewe. Mi sikumcheka maana usiku nikawaza, na mimi? Mwaka jana nilifunga Kwaresima nikapungua kilo nne nikaposti. Watu wakaniuliza diet gani 🙈

Sasa swali langu kwa wazee humu, kufunga simu kunahesabika? Mi nyama naweza kuacha mwaka mzima hainisumbui, ila TikTok ukininyima siku moja natetemeka.

—

mzee_wa_kanuni · 5 Aprili, saa 8 mchana

Haihesabiki. Kufunga ni chakula. Hizo nyingine ni nidhamu tu, usije ukaacha Facebook ukasema umefunga huku unakula biriani.

—

dada_wa_paje · 5 Aprili, saa 8:10 mchana

Sawa baba paroko 🙄

—

mtoto_wa_wete · 5 Aprili, saa 3 usiku

Mie mzaliwa wa Pemba, Mkatoliki, ndiyo tupo msishangae, tunajuana mpaka majina ya kuku zetu. Fundi unalia kwa sababu umekuja huko kwa watu wengi ukiwa mtu mzima. Sie tumezaliwa humu. Utotoni Ramadhani tukifunga na wenzetu skuli, si kwa dini, kwa haya. Utakulaje mbele ya rafiki yako? Ungeitwa kobe, na mie tayari nilikuwa naitwa Mgala kwa Ukristo wangu, sikutaka na la kobe juu yake 😂. Nikirudi nyumbani mama ananipa chakula ndani mlango umefungwa, nakula nusu, hakishuki.

Babangu alikuwa na neno lake, akisema Idi ikishapita ndo Kwaresima inaanza. Miaka hiyo sikumwelewa maana kalenda zilikuwa mbalimbali, Ramadhani ilikuwa huko miezi mingine. Nadhani alikuwa anasema tu kwamba shughuli ya wengi ikiisha unabaki na yako. Mwezi unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, Pasaka nayo inafuata mwezi mpevu lakini haitoki Machi na Aprili, ndo maana miaka hii zimegongana na baada ya hapa zitaachana tena. 2030 Ramadhani zitakuwa mbili mwaka mmoja, Januari na Desemba, Krismasi itapigana vikumbo na daku. Kwa hiyo fundi mwakani bado utakuwa na ngazi ya daladala, na mwaka mwingine pia, baada ya hapo utembee kwa miguu.

Sasa mie nauliza la maana. SAHANI UMERUDISHA NA NINI?

—

fundi_friji · 5 Aprili, saa 3:30 usiku

@mtoto_wa_wete we umenikamata. Sahani nilikuwa narudisha imeoshwa. Tupu. Mwezi mzima.

—

mtoto_wa_wete · 5 Aprili, saa 3:32 usiku

TUPU??? Miaka tisa Unguja??

—

kawa_la_ukili · 5 Aprili, saa 4 usiku

Nilikuwa nasoma kimyakimya maana uzi wa wenyewe, lakini hili la sahani tupu limenitoa ndani. Babu weye! Sahani hairudi tupu, hata ukitia embe moja, hata chumvi. Huyo bi mkubwa wako kakustahi tu, moyoni anasema huyu kijana hakufunzwa na mamake.

Mie Muislamu, wa Mwembetanga, nina kitu nataka kukwambia na usinicheke. Huo msiba wako si wako peke yako. Ramadhani shetani kafungwa, mji mzima umefunga, hata mvivu anafunga. Mtihani wetu sie ni sita. Ukishamaliza Ramadhani kuna funga sita za mwezi wa Shawwali, si faradhi, ni sunna, na ujira wake mkubwa mno. Sasa nenda ukafunge sita mitaa yote inakaanga, watoto wana vileja mkononi, shoga yako kakualika. Mie kila mwaka natia nia ya sita. Mwaka juzi nilifunga mbili. Mwaka jana moja, na hiyo moja nililala mpaka laasiri.

Kwa hiyo usijione umefeli dini yako, umefeli Shawwali tu, karibu chamani.

Na kasome ratiba ya bi mkubwa wako, nakwambia huenda yupo kwenye sita sasa hivi wala hujui, weye umekaa unamwonea haya na mishkaki yako.

—

jini_kisirani · 5 Aprili, saa 5 usiku

Nyie mnabembelezana tu humu. Hiki ni kisiwa cha Kiislamu, Ukristo mmeletewa juzi na meli ya mzungu, halafu mnataka na nyie mji uwafungie Kwaresima. Kila mtu afunge kwao.

—

mwanakwaya_minara · 6 Aprili, saa 9 mchana

Nimetoka misa ya Jumapili ya tano ndo naona hii. Jini, hiyo "juzi" ni mwaka 1860, wamisionari waliposhuka hapa kutoka Réunion. Bagamoyo wamevuka 1868, yaani bara Ukatoliki umetokea HAPA, hata huko Peramiho kwa fundi ulikuwa haujafika. Minara Miwili imejengwa kuanzia 1893 mpaka 1898, nyanya yangu kabatizwa humo, mamangu, mimi. Kwao ndo hapa. Sina meli ya kurudi.

Na nitasema jambo ambalo sipendi kulisema kwenye mitandao. Watu wanapenda kusema Zanzibar tunaishi kama ndugu, na ni kweli, lakini si kweli kila siku. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akienda kusalisha misa. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Kwaya tulikuwa na nyimbo za Kwaresima mkononi. Ile Kwaresima hatukuhitaji kuambiwa tufunge, chakula hakikupita. Na jirani yetu, Muislamu, mzee wa makamo, alikuja nyumbani akakaa barazani kwetu tangu adhuhuri mpaka usiku, hakusema lolote zaidi ya pole, akaondoka. Alikuja siku tatu. Mimi nikisikia neno "ujirani mwema" kwenye semina simfikirii mtu wa semina, namfikiria yule mzee na kofia yake ameiweka gotini.

Fundi, majivu usiyafute mwakani. Sio ya kujionyesha, @mzee_wa_kanuni. Kijana akisema una masizi, mwambie si masizi, ni makuti ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana tumeyachoma, na maana yake ni kwamba nitakufa. Atakuelewa. Nani hapa mjini haelewi kwamba atakufa.

—

mzee_wa_kanuni · 6 Aprili, saa 10 jioni

@mwanakwaya_minara nimekusoma. Sina la kuongeza hapo.

—

fundi_friji · 12 Aprili, saa 4 usiku

Nimerudi na mrejesho.

Kwanza @kawa_la_ukili una macho ya ndani. Jumatatu saa sita mchana nimeenda kumtengenezea bi mkubwa friji yake, gesi imevuja, nikamkuta kakaa kwenye mkeka anachambua mchele, midomo imekauka. Nikamuuliza bi mkubwa hujambo? Akasema sijambo, nimefunga sita yangu ya kwanza leo. Nikamwambia mbona kimya, hata daku sijasikia. Akasema "ya peke yangu nimpigie nani ngoma?"

Nikakaa pale na bisibisi mkononi. Nikamwambia nami bado nina mfungo wangu mpaka tarehe 20 ila umenishinda. Akashangaa, kumbe mwezi mzima alidhani nafunga kwa heshima yake tu! Akaniuliza nyinyi mnafunga nini, nikaanza kumweleza, nyama, Ijumaa, siku arobaini, Jumapili hazihesabiwi, nikajikuta najikanyaga mwenyewe, yeye ananiangalia kama unavyomwangalia mtoto anayekosea hesabu. Mwisho akauliza swali moja tu, "na hizo pesa za chakula unampa nani?" Nikasema kopo lipo. Akasema "lina kiasi gani?" Sikujua.

Nimeenda kuhesabu. Elfu sabini na mbili. Tangu Idi hakijaingia kitu.

Basi Jumatatu hiyo hiyo nikaanza tena, mpaka magharibi, mzee wa kanuni nisamehe. Siku sita tumefunga watu wawili nyumba nzima. Adhana ikilia ananigongea ukuta na mwiko, ko ko, nami najibu ko ko. Sahani imerudi, siku hizi ni uji na tende tu kwa sababu hapikii watu. Na mimi narudisha na kitu, jana nilitia mapapai.

Tatizo ni kwamba leo kamaliza. Kafungua ya sita, kasema alhamdulillahi, kaniambia haya baba nimekuacha. Kesho Matawi, wiki ngumu ndo inaanza na niko mwenyewe.

Swali la kiufundi. Pasaka nataka kumpelekea sahani. Atakula chakula cha kwangu? Sitaki kumweka kwenye mtihani.

—

kawa_la_ukili · 12 Aprili, saa 4:20 usiku

Nimelia kwa ko ko 😭 Na mie nimefunga tatu! Tatu! Rekodi.

Sahani sikiliza. Chakula chako kinaliwa, wasiwasi wa watu ni kitoweo kimechinjwa na nani na hilo sufuria limepikiwa nini huko nyuma. Ukitaka asiwe na shaka usipike nyama kabisa. Ukishikilia nyama basi kanunue Mwanakwerekwe buchani kama kila mtu na umwambie umenunua wapi, yeye mwenyewe asikuulize. Na sufuria kama lishawahi kuona kitimoto liache kwenye shimo lake.

—

mtoto_wa_wete · 12 Aprili, saa 4:45 usiku

Yote ya nini, peleka halua. Halua ya Wete. Nina mtu anakuja na boti Alhamisi, nitumie hela ya kipande kikubwa nikuwekee. Halua haina mchinjaji.

—

katekista_mstaafu · 13 Aprili, saa 2 usiku

Fundi, Ijumaa baada ya Majivu husomwa Isaya sura ya 58, kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Miaka mingi nimelisoma somo hilo kwa sauti nzuri kanisani. Bi mkubwa wako kalifikia na mchele mapajani, hajafungua kitabu. Lipeleke kopo, usingoje Pasaka.

—

dada_wa_paje · 14 Aprili, saa 5 usiku

Mi nimeamua, Alhamisi Kuu jioni nazima data mpaka Pasaka. Ihesabike isihesabike. Nani yupo na mimi?

—

fundi_friji · 14 Aprili, saa 5:15 usiku

Nipo.

—

fundi_friji · 21 Aprili, saa 2 usiku

Nimeweka bando sasa hivi, naona uzi una meseji kibao nitazisoma.

Kwa kifupi. Kopo nililipeleka jumuiya Jumanne, likaenda kwa mama mmoja mwenye mtoto hospitali, sisemi zaidi. Jumatano nilivunja, kazi ilikuwa ya kupanda juu mno na kizunguzungu kikanishika, nikanywa soda saa tisa. Ijumaa Kuu nilifunga mpaka jioni, mjini watu wanakula kama kawaida yao, pembeni yangu kwenye daladala kijana ana sambusa za moto kwenye gazeti, zile zinazotoa mafuta. Sikufa. Nilitamani ile sambusa kuliko nilivyowahi kutamani kitu, lakini ndo nilikuwa mwenyewe kabisa, hakuna aliyejua, na nikashangaa kwamba nimetulia.

Pasaka nimepeleka halua (asante @mtoto_wa_wete, ilikuwa nzito kama tofali). Bi mkubwa akaipokea akasema we kijana umekua.

Leo asubuhi nimelala, mapumziko Jumatatu ya Pasaka, simu bado imezimwa data tangu Alhamisi kwa sababu nilisahau tu kuiwasha. Kama saa tano na kitu nasikia ukutani ko ko. Nikasema huyu anafunga tena? Nikatoka. Kasimama uani na buibui kama anayetoka, sahani mkononi na kawa juu. Akaniambia, "Poleni. Redio inasema mkubwa wenu wa Roma kafa leo. Jana si alikuwa akitoa mkono kwa watu?"

Mi sikuwa najua. Papa Fransisko kafa, na mi Mkatoliki nimeambiwa na bi mkubwa wa Fuoni. Nikabaki nimeshika mlango. Akanipa sahani akasema kaa chini kwanza, akakaa na yeye kwenye kizingiti, hakwenda alikokuwa anakwenda. Tukakaa kama nusu saa. Akaniuliza alikuwa na miaka mingapi, nikasema 88. Akasema alhamdulillahi kala chumvi.

Ndani ya sahani mlikuwa na vileja.

—

mwanakwaya_minara · 21 Aprili, saa 2:30 usiku

Raha ya milele umpe ee Bwana.

—

dada_wa_paje · 21 Aprili, saa 2:41 usiku

Na mwanga wa milele umwangazie. Mi niliwasha data jana saa sita usiku ile ile baada ya mkesha, sikuweza hata kufika asubuhi 😔

—

kawa_la_ukili · 21 Aprili, saa 3 usiku

Poleni sana wenzetu. Mie leo ya tano, imebaki moja.